Shahada Isiyo na Uzito

Namna nilivyofika Uzitoni haina maana, na msomaji anayependa habari za vumbi la njiani na mizigo iliyopotea namshauri atafute msafiri mwingine. Mimi nilikuwa mkaguzi wa shule kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa, na kazi hiyo humwachia mtu ugonjwa mmoja: kila afikapo mahali hutaka kujua watu wa hapo wanafundishana vipi. Nitaeleza hilo, na mengine nitayapita.

Uzitoni ni nchi nzuri. Barabara zake ni safi, watu wake hawana haraka, na chai yao ina tangawizi ya kutosha. Kinachomshangaza mgeni kwanza ni migongo. Watu wote wenye heshima zao wamepinda. Waziri amepinda, hakimu amepinda, daktari anatembea akitazama vidole vya miguu yake. Nilidhani ni maradhi ya mahali pale, nikaanza kuwahurumia, mpaka Bi Tatu, mwenye nyumba ya wageni niliyofikia, aliponicheka.

"Hao ni wasomi, bwana mgeni," alisema. "Wanabeba vitabu vyao. Wewe ulivyonyooka hivyo, usishangae watu wakikuuliza kama ulipita hata madarasa ya chini."

Kwa Bi Tatu nilijifunza kwamba nchini mule elimu hupimwa kwa mizani. Anayetaka shahada hununua vitabu vyenye muhuri wa serikali, huvibeba mgongoni kwa miaka iliyowekwa, na siku ya mwisho huvipeleka Ukumbi wa Mizani. Vikifikia uzito unaotakiwa, amehitimu. Niliuliza kama hufanyiwa mtihani. Bi Tatu hakulijua neno hilo. Alinijibu kwamba msimu wake bado, nikatambua kuwa alidhani nimetaja aina ya samaki.

Vitabu hivyo hutoka Jumba la Mihuri, na wenye jumba hilo ni watu wachapakazi. Kila mwaka huvitoa upya. Dibaji ya mwaka jana huwekwa mwisho, picha ya figo huhamishiwa ukurasa wa ini, jalada la kijani huwa la buluu. Kwa sheria, kitabu cha mwaka jana hakina uzito tena, hata kama kilikuvunja bega. Kutupia jicho kitabu cha jirani yako huitwa wizi wa macho, na hushtakiwa. Niliingia katika darasa moja la utabibu nikakuta mapazia kati ya madawati. Mwalimu alikuwa akisoma kwa sauti. Wanafunzi wawili waliokinunua kitabu cha somo lile walikuwa wakimsikiliza, na waliobaki wameziba masikio kwa pamba, wakitikisa vichwa kwa adabu. Nimekagua shule nyingi mbovu maishani, lakini sijaona ubovu uliopangwa vizuri namna ile.

Sheria kubwa kuliko zote inahusu kalamu. Ukiandika ndani ya kitabu chenye muhuri, hata nukta, umeuvunja muhuri, na kitabu kilichovunjwa muhuri hakipimwi. Matokeo yake niliyaona asubuhi ya kwanza nilipotoka kunawa uso. Bomba la maji la mtaani lilikuwa juu sana, karibu na paa, na chini yake palikuwa na ngazi. Mchapaji wa zamani alikosea kipimo katika kitabu cha ujenzi wa mabomba, na mabomba ya mji mzima yakajengwa kama kitabu kilivyosema. Kila mtu anajua kwamba ni kosa. Hakuna mwenye ruhusa ya kulisahihisha. Ipo Idara ya Ngazi, ina mkurugenzi, na nasikia bajeti yake haimtoshi.

Juu ya ngazi ile, ndoo mkononi, alikuwapo mwanamke akicheka peke yake mpaka maji yanamwagika. Mgongo wake ulikuwa umenyooka. Nilimwuliza kinachomchekesha.

"Mimi ni mtu wa maji, baba," alinijibu. "Nimeyasomea. Nikiona bomba limepanda juu kama nyani, nisipocheka nitalia."

Jina lake Mwanamvua, mtu wa Matopeni, mji ulio chini kabisa ya nchi ile, mtoni. Tulikuwa tumepanga kwa Bi Tatu sote wawili, na jioni ile aliniambia kilichomleta. Huko juu milimani, katika mji unaoitwa Chemchemi, walimu kadhaa walichoka na mapazia. Wakaandika vitabu vyao wenyewe, wakavitoa bure, wakafungua chuo juu ya vitabu hivyo: miaka mitatu, kazi za mikono, walimu wakali, na shahada kamili mwisho wake. Mwanamvua alihitimu humo. Alinionyesha kitabu chake cha maji, tita la karatasi lililofungwa kwa uzi, jepesi kama kitambaa cha kichwani. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na maneno haya: *Soma. Nakili. Mpe mwenzako. Ukiona kosa lirekebishe, uandike jina lako chini, na wale waliokutangulia usiwafute.* Pembeni mwa kurasa kulikuwa na majina mengi, kila jina na sahihisho lake.

"Sasa kinachokusumbua ni nini?" nilimwuliza.

"Mabomba yetu Matopeni yamekwisha kulazwa. Tenki limejengwa. Koki imefungwa kwa mnyororo, na sheria inasema haifunguliwi ila na mtu mwenye shahada ya maji iliyopimwa hapa mjini. Hakuna wa kwetu anayeweza kununua vile vitabu vya muhuri. Na hao wa mjini wanaovibeba hawataki kuja kukaa na mbu." Alilifunga tita kwa uzi wake. "Nilimzika mwanangu wa kwanza kwa sababu ya maji ya mto ule. Nina mwingine. Kesho napimwa, baba. Wakinikatalia, koki haifunguliwi, na mwanangu ataendelea kuyanywa maji yale yale."

Nilimwahidi tu kwamba nitakwenda naye, kana kwamba mgeni aliyenyooka mgongo angemsaidia kitu.

Ukumbi wa Mizani ni jengo kubwa la mawe, na mizani yenyewe iko katikati, sahani yake pana kiasi cha kulala ng'ombe. Mbele yetu alipimwa kijana wa utabibu. Vitabu vyake vililetwa na mikokoteni miwili, na vingi bado vilikuwa katika karatasi za dukani, havijafunguliwa. Mshale ulipanda, watu wakapiga makofi, kijana akapewa ruhusa ya kupasua watu matumbo. Nilimwomba Mungu anilinde afya yangu mpaka niondoke.

Mkuu wa ukumbi, Mpima Mkuu, alikuwa mzee aitwaye Ngwali, amepinda kuliko wote, mwenye sauti ya upole na macho yaliyochoka. Mwanamvua alimwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, na hilo lilinipa moyo kidogo. Kisha tita likawekwa kwenye sahani. Mshale ukatikisika. Karani akanyoosha mkono akaushika kwa kidole usisogee.

"Kitabu kisicho na muhuri hakina uzito," karani alisema bila ubaya wowote. "Naisaidia mizani isikosee."

Hapo akasimama Badru, wakili wa Jumba la Mihuri, mtu mnene mwenye mafuta mazuri ya nywele.

"Waheshimiwa, sina haja ya maneno mengi," alisema, na wenye kusema hivyo nawajua. "Mkono mtupu haulambwi. Kitu kinachogawiwa bure kina thamani gani? Na kimeandikwa na nani? Tazameni pembeni mwa kurasa! Huyu kaandika, yule kasahihisha, huyu tena kamsahihisha msahihishaji. Nahodha wengi, chombo huenda mrama. Kitabu chetu kina mwenyewe mmoja, na neno lake halibadiliki."

"Kidole kimoja hakivunji chawa," Mwanamvua alijibu, na watu wa nyuma wakacheka, maana kidole cha karani kilikuwa bado kipo kwenye mshale. "Waheshimiwa, kama mizani yenu haiwezi kunipima, niulizeni. Niulizeni lolote juu ya maji. Nikishindwa, narudi kwetu na sitawasumbua tena."

Jambo hilo halikuwahi kutokea. Wapimaji walitazamana, wakanong'onezana, na mwisho Mzee Ngwali akasema kwamba sheria haikuamuru watu waulizwe, lakini haikukataza pia. Badru alichukua kitabu cha muhuri cha maji, akakifungua kwa madaha, akavuta pumzi ili asome swali. Kisha akakifunga. Mwanamvua hakuwa amekinunua, na kumsomea asiyekinunua ni kosa la jinai, alilokuwa ameshawashtakia watu wengi yeye mwenyewe. Mle ukumbini kitabu kimoja tu kiliruhusiwa kusomwa kwa sauti mbele ya kila mtu, nacho ni kile kisicho na uzito.

"Nileteeni hicho," alisema Mzee Ngwali.

Karani alimpelekea tita pamoja na kikombe cha chai. Mzee akavaa miwani. Alimwuliza Mwanamvua juu ya mwinamo wa mabomba, akajibu. Alimwuliza juu ya kutu, juu ya kuvuja, juu ya kuweka choo mbali na kisima, akajibu bila kubabaika, na mara mbili alisema wazi, "Hilo sijui, mzee, lakini najua pa kulitafuta." Watu wa nyuma walisogea mbele wapate kusikia vizuri. Mzee akawa anafunua kurasa polepole, na nadhani alisahau kwamba ameketi barazani mwa hukumu. Alikuwa anasoma kweli.

Kisha kidole chake kikasimama.

"Hapa pana kosa," alisema.

Badru aliinuka hata kabla mzee hajamaliza. Mzee alimpungia mkono akae.

"Wameandika hivi: maji yakifika tenkini, tia dawa, koroga, subiri nusu saa, wape watu. Binti yangu, maji ya mto wenu yana rangi gani?"

"Ya udongo, mzee. Masika huwa kama chai ya maziwa."

"Basi dawa hiyo italiwa na tope kabla haijafika kwenye vijidudu. Nusu saa itapita, mtayanywa kwa furaha, na ugonjwa mtakuwa nao vile vile. Maji ya tope huachwa yatulie kwanza. Yachujwe. Ndipo yatiwe dawa, na yasubiriwe zaidi."

Nilimwona Mwanamvua akihesabu moyoni mwake nyumba za Matopeni, mlango wake mwenyewe ukiwa mmojawapo. "Walioandika sura hiyo ni watu wa Chemchemi," alisema kwa shida. "Maji yao ni meupe. Na mimi nilijifunzia maji yao. Ningefungua koki... Ningewanywesha kwa mkono wangu mwenyewe." Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

"Mmesikia!" Badru alipaza sauti. "Amekiri mwenyewe! Kitabu cha bure kingeua mji mzima. Naomba shahada hii ikataliwe, na karatasi hizi zichomwe."

Natamka wazi kwamba nilitamani kumzaba kofi, na kwamba pia niliogopa, maana safari hii wakili alikuwa na hoja. Nilidhani yamekwisha. Lakini Mwanamvua alijifuta uso kwa upande wa khanga, akatoa kalamu kwenye mkoba wake, akapanda ngazi za baraza mpaka mbele ya Mpima Mkuu.

"Mzee, una hakika na hilo ulilosema?"

"Nina hakika kuliko jina langu. Ujanani nilikuwa bwana maji katika mji wenye mto kama wenu. Nilifuata kitabu neno kwa neno, na watoto wakaugua. Nikajaribu, nikachuja, wakapona. Nikaja hapa mjini na kitabu changu, nimeandika pembeni yake nilichokiona. Jumba la Mihuri wakanishukuru, wakaniambia muhuri wangu umevunjika, wakaniamuru nianze kununua upya tangu kitabu cha kwanza." Alivua miwani. "Nikajifunza kunyamaza. Nikanyamaza vizuri, mpaka wakanipa kiti hiki."

"Basi andika, mzee," Mwanamvua alisema, akamnyooshea kalamu. "Andika hapo pembeni, na jina lako chini."

Yule mzee aliitazama kalamu kama mtu aliyepewa mtoto mchanga na hajui amshike vipi. Ukumbi mzima ulikuwa umesimama. Aliichukua. Maandishi yalimchukua muda, kwa sababu alisimama mara kwa mara kufikiri, akafuta neno moja, akaweka lingine lililo wazi zaidi. Mwisho akaandika jina lake lote, la kwake, la baba na la babu.

"Mheshimiwa," Badru alisema, sasa kwa sauti ya chini, "kosa limethibitika. Sheria..."

"Kosa hili hili limo katika kitabu chetu, Badru. Unalijua, na mimi nalijua tangu sijaota mvi. Limekaa humo miaka yote hii, na kila mwaka mnalibadilishia jalada. Humu limekaa mpaka sasa hivi tu, na chai yangu haijapoa." Akamgeukia Mwanamvua. "Ukifika kwenu, maji utayafanyaje?"

"Nitayaacha yatulie. Nitayachuja. Nitatia dawa, na nitasubiri zaidi ya nusu saa hata watu wakinitukana."

"Umejifunza wapi hilo?"

"Kwako, mzee. Hapa hapa."

"Nimekuuzia?"

"Hapana, mzee."

"Basi nimevunja sheria mbele ya wapimaji wote, na nyote mmenisikia bila pamba masikioni," Mzee Ngwali alisema. "Mtu anayejifunza namna hii, na mji mzima unamngojea, mimi sina jiwe la kumpimia. Karani, toa kidole chako hapo. Mpe binti shahada yake."

Karani alitoa kidole. Alipompelekea Mwanamvua hati yake alimnong'oneza jambo, na baadaye nilijua aliomba nakala ya sura ya vyoo.

Nilishuka naye Matopeni. Walijenga chujio la mchanga kwanza, na kazi hiyo iliwachelewesha, na watu walinung'unika kweli: mnyororo umekatwa, kwa nini tunangoja mchanga? Mwanamvua aliwasomea maneno yaliyoandikwa pembeni mwa ukurasa, akawasomea tena, na waliotaka kunakili akawaachia wanakili. Siku koki ilipofunguliwa, mtu wa kwanza kunywa alikuwa mwanawe, binti mwembamba mwenye kelele nyingi, naye alilalamika kwamba maji hayana ladha. Mama yake aliketi chini akacheka na kulia kwa pamoja. Nami nilikunywa. Nathibitisha kwamba hayakuwa na ladha yoyote.

Katikati ya sherehe akatokea Mzee Ngwali, peke yake, hana mzigo mgongoni, amevaa buti za mpira. Hakusalimia mtu mpaka alipokwisha kulikagua chujio, kuchota mchanga kwa mkono na kuyatazama maji kwenye bilauri juani.

"Shikamoo, mzee," Mwanamvua alisema. "Hatukukutegemea. Ukumbini umemwachia nani?"

"Marahaba. Wamenistaafisha," alisema, na sikuona majonzi usoni mwake. "Wanasema nimevunja muhuri wa nchi. Huenda ni kweli, maana watu wawili wamekwisha kuja mizanini wakitaka kuulizwa, na wapimaji hawajui waanzie wapi."

Alipewa kiti na sahani ya pilau. Alikula kidogo, akaweka kijiko, akasogea karibu na Mwanamvua kama mtu mwenye ombi la aibu.

"Nyumbani nina mke," alisema. "Alikuwa mkunga maisha yake yote. Kile kitabu cha muhuri cha ukunga anakijua, na makosa yaliyomo anayajua, yote ameyaweka kifuani kwa sababu hakuna aliyemruhusu kuyasema. Kuna usiku ananiamsha kuniambia mojawapo. Je, huko Chemchemi mna kitabu cha ukunga?"

"Tunacho, mzee."

"Kina makosa?"

"Hakikosi."

"Basi nipe hicho kitabu," Mzee Ngwali alisema, "na kalamu."